Zimwi la Bandani



Leo naungama: karani wenu ni mpenzi wa sinema za mazimwi na majasusi. Juzi Jumamosi niliingia katika banda la video hapa Rwamishenye, nimtazame Godzilla akibomoa majumba. Kumbe mbele yangu wameketi watoto watatu wa mafundisho ya Komunyo! Waliponiona waliinamisha vichwa. Nami niliinamisha changu.

Njiani kurudi niliwauliza, "Mmeona nini?"

"Zimwi lina nguvu!"

Basi nikawaeleza kuwa zimwi hilo lilibuniwa Japani mwaka 1954, miaka 9 tu baada ya mabomu ya atomiki kuangamiza Hiroshima na Nagasaki. Katika hadithi ile ya kwanza, majaribio ya mabomu ndiyo yaliyoliamsha kutoka baharini. Wakanyamaza. Kisha yule mdogo akauliza, "Kumbe zimwi tumelileta sisi watu?"

Wazazi, wengi wenu mnamkumbuka Lufufu, aliyetufasiria filamu za kigeni kwa Kiswahili. Yeye alifasiri maneno. Kumfasiria mtoto maana ni kazi ya mzazi. Papa Pius wa 12, katika barua yake ya mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni, alifundisha kuwa vyombo hivyo ni zawadi ya Mungu. Lakini hata panga ni chombo chema, wala hatumwachii mtoto pekee.

Picha isiyofaa, mkataze. Inayofaa, keti naye, kisha mwulize. Mimi sitajificha tena nyuma.