Kihongwe Si Neno la Mtihani Tu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Nikikuuliza mtoto wa punda huitwaje, najua utanijibu kabla sijamaliza swali: kihongwe! Sote tulilikariri neno hilo tulipokuwa tukijiandaa kwa KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Kihongwe, shibli, kitungule, kifaranga, orodha ndefu kama reli. Lakini nikikuuliza kihongwe akizaliwa usiku wa leo huko kwenu Nyatike au Karachuonyo afanyiwe nini, naona utaanza kukuna kichwa. Hapo ndipo ninapotaka tubishane kidogo.

Maoni yangu ni haya, na nayasema bila kuuma maneno: sisi watu wa Migori na Homa Bay tunamtumia punda kana kwamba ni mtambo, tena mtambo wa kuazima. Kumpakia tunajua. Kumchapa tunajua sana. Kumtunza akiwa mja mzito na kumlea mtoto wake hatujui, na wengi wetu hata hatudhani kwamba kuna jambo la kujua. Eti punda hujizalia mwenyewe!

Ziwa liko pale, tunaliona kila siku, lakini maji hayapandi mlima yenyewe. Homa Bay mjini, Mbita, Kendu Bay, Muhuru, kote huko punda ndiye hupanda kutoka ufuoni na mitungi ubavuni. Kule Macalder, ambako dhahabu ilichimbwa tangu enzi za ukoloni na watu bado wanachimba, hubeba maji na mawe. Upande wa Kuria hubeba mahindi kutoka shambani. Sasa fikiria punda huyo amekufa. Je, nyumbani wataacha kunywa maji? La hasha. Mtungi unahama mgongoni kwa punda na kukaa kichwani kwa mtu, na kichwa chenyewe mara nyingi huwa cha msichana ambaye saa hizo alipaswa kuwa darasani. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba habari za punda si habari za shule.

Hebu tuhesabu. Katika somo la Kilimo tunajua ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, na nguruwe miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Punda je? Mwaka mzima! Takriban miezi kumi na miwili, na wengine hupitisha wakafika hata kumi na mitatu. Tena huzaa mtoto mmoja, pacha ni nadra sana. Ukimharibia punda mimba moja umepoteza mwaka uliopita, na kabla hajapata mwingine umepoteza na mwaka ujao.

Kuna jambo jingine ambalo nimeliona kwa kuhesabu vidole tu. Punda jike hushika mimba vizuri zaidi akiwa ameshiba, yaani nyasi zikiwa nyingi baada ya mvua. Aliyeshika mimba mwezi wa Aprili atazaa masika yanayofuata. Basi miezi yake ya mwisho ni ipi? Januari, Februari na Machi. Ndiyo miezi ya kiangazi, matangi ya mvua yamekauka, visima vimekuwa tope, na mwenye kuuza maji anaitwa kila mlango. Kumbe mimba inapokuwa nzito zaidi ndipo na mzigo unapokuwa mzito zaidi! Na ni katika miezi hiyo ya mwisho ambapo mtoto tumboni hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wote.

Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo tumelisoma katika Fizikia. Mtungi mmoja wa lita 20 ni kilo 20. Minne ni kilo 80. Punda wetu wengi wana uzito wa kama kilo 150 hivi, na wataalamu wa mifugo hushauri kwamba punda mzima, mwenye afya, asibebe zaidi ya kama thuluthi moja ya uzito wake. Hiyo ni kilo 50, yaani mitungi miwili na kidogo. Nani umemwona akipakia miwili? Na hapo nazungumza juu ya punda asiye na mimba. Jike aliyebakiza miezi mitatu kuzaa hapaswi kubebeshwa mzigo hata kidogo. Isitoshe, kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, ambayo inafanya kumzidishia mnyama mzigo au kumfanyisha kazi asipofaa kuwa ni kosa. Wangapi wanaijua?

Tena kupumzishwa peke yake hakutoshi, lazima ale. Punda jike mwenye mimba akikosa chakula, au akikataa kula kwa sababu ya maumivu au hofu, mwili huanza kuyatoa mafuta yake na kuyamwaga katika damu kupita kiasi. Damu ikijaa mafuta, ini linashindwa, na mama anaweza kufa pamoja na mtoto. Kwa hiyo ukimwona punda mja mzito amesimama tu, masikio chini, hataki majani, usiseme ana maringo. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kuzaa kwenyewe. Wiki chache kabla, kiwele huvimba. Siku zikikaribia utaona vitone kama nta kwenye chuchu, na nyama za pembeni mwa mkia hulegea. Mara nyingi huzaa usiku, watu wakiwa wamelala, ndiyo maana wengi hudhani ni kazi isiyohitaji mtu. Kweli, akiwa salama haihitaji mtu, inahitaji mahali safi, pakavu, na majirani wasijae kutazama kama sinema. Chupa ikishapasuka, mtoto hutoka kwa muda wa kama nusu saa: miguu miwili ya mbele, mmoja ukitangulia kidogo, na pua juu yake. Ikipita nusu saa bila mtoto kutoka, au ukiona mguu mmoja tu, au mkia, mambo yameharibika na si wakati wa kuvuta kwa kamba kama mtumbwi.

Baada ya hapo tazama saa yako. Kihongwe mzima husimama katika muda wa saa moja hivi. Katika saa mbili awe amenyonya. Katika saa tatu kondo la nyuma liwe limetoka kwa mama, lote, na ulikague kama halikubaki kipande. Likikwama usilivute, mwite daktari, maana linaoza ndani na kumwua mama. Mambo haya matatu hayahitaji pesa wala digrii, ni saa ya mkononi tu.

Lililo muhimu kuliko yote ni dang'a. Tulilisoma neno hili pia, maziwa ya kwanza ya mnyama aliyezaa, mazito, ya manjano. Wako watu wanaoyaona machafu, ati yakamuliwe yamwagwe. Jamani! Kihongwe huzaliwa bila kinga ya magonjwa mwilini mwake, kwa sababu kinga ya mama haipiti kwenye kondo kama ilivyo kwa binadamu. Kinga yote iko katika dang'a. Na utumbo wa mtoto huipokea kinga hiyo kwa saa chache za mwanzo tu. Kadiri saa zinavyopita mlango unafungwa, na baada ya siku moja umefungwa kabisa. Mama akipelekwa ziwani alfajiri, saa tatu baada ya kuzaa, na mtoto akaachwa amefungwa kwenye mti, basi mtoto huyo tayari amehukumiwa, hata kama atakufa wiki ijayo na watu wakasema ni kijicho.

Halafu kitovu. Kichovywe katika ayodini mara mtoto anapozaliwa, na kirudiwe. Hapa Kiswahili chenyewe kimetupa onyo ambalo hatulisikii. Ule ugonjwa wa kukakamaa mwili na taya, ambao hupigiwa chanjo kwa kina mama wajawazito kliniki, unaitwaje? Pepopunda! Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, huingia kupitia kidonda au kitovu kibichi, na punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa nao kwa urahisi sana. Waliolibuni jina hilo walikuwa wamewatazama punda vizuri. Sisi tumebaki na neno, kutazama tumeacha.

Kuhusu nagana nitasema kwa ufupi, ila ndugu zetu wa Bonde la Lambwe wanajua. Mbung'o wa kule karibu na Mbuga ya Ruma hawaumi ng'ombe peke yake. Punda huugua pia, hukonda, na aliye na mimba anaweza kuitoa.

Sasa kuna hoja ambayo hupenda kuletwa: punda ni wengi, akifa mmoja utanunua mwingine. Huo ni wimbo wa zamani. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilipata punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Kuanzia 2016 vikafunguliwa vichinjio vya punda, ngozi zikipelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao, na kufikia mwisho wa 2018 punda zaidi ya 300,000 walikuwa wamechinjwa, kwa mujibu wa ripoti ya KALRO ya 2019. Wezi nao wakapata kazi, watu wakaamka asubuhi na kukuta kamba tupu. Mwaka 2020 Waziri wa Kilimo, Bw. Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo. Mwezi wa Februari 2024 marais wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, waliafikiana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Hayo ni mema. Lakini marufuku haizai punda. Mnyama anayebeba mimba mwaka mzima hawezi kurudi kwa wingi kama kuku.

Najua mwenye mkokoteni akisoma haya atauliza, na ana haki kuuliza: nikimpumzisha punda miezi mitatu, watoto wangu wale nini? Swali hilo ni zito na sitalikwepa. Mtu anayekula kwa mgongo wa punda mmoja hawezi kuambiwa tu apumzike. Ila naona njia. Tuna vyama vya kuweka pesa kwa zamu, kila mtaa. Kwa nini wauza maji wa ufuo mmoja wasiwe na zamu ya punda? Wangu akikaribia kuzaa, wako ananibebea safari mbili kwa siku, na wako akifika zamu yake nalipa. Anayekataa hata hilo, basi walau apunguze mitungi na asimtoe mama na mtoto barabarani wiki za mwanzo. Kihongwe hunyonya kila mara, hawezi kumwacha mama, kwa hiyo humfuata kando ya lami. Kwenye barabara ile ya Isebania, na malori yale, mnajua mwisho wake.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Binafsi nashangaa kwamba mateke yenyewe ni machache hivyo.

Ombi langu kwa walezi wa chama na kwa mwalimu wetu wa Kilimo ni dogo. Kabla ya shule kufungwa mwezi wa Aprili, aalikwe afisa wa mifugo, atuonyeshe kwa macho jinsi kitovu kinavyochovywa na jinsi kondo linavyokaguliwa. Tutafika nyumbani masika yakiwa yameshika, na kwa hesabu niliyoifanya hapo juu, vihongwe wengi watakuwa wanazaliwa wiki hizo hizo. Chupa ndogo ya ayodini inaingia hata kwenye sanduku la shule, kando ya sabuni.