Dhahabu Yangu Pia ni Jasho

Hapa Busia, kama kule Malaba, kijana anayesimama barabarani na bunda la shilingi za Uganda mkononi huitwa mfanyabiashara. Mimi nikikesha saiba nikiua majoka kwenye mchezo wa mtandaoni, nikikusanya dhahabu ya humo niwauzie wachezaji wa ng'ambo, naitwa mvivu aliyeacha chuo. Jamani, tofauti iko wapi?

Mpaka huu ndio uliozaa bodaboda. Watu waliona nafasi kati ya vituo viwili, wakaijaza kwa baiskeli. Na kule Venezuela, bolivari ilipoporomoka, kuna waliolisha familia kwa dhahabu ya RuneScape. Pesa ni kile mwenzako anakubali kupokea. Mtu wa mpakani hahitaji kufunzwa hilo.

Kuchekwa nimezoea. Kilichoniuma ni kwamba mwaka jana akaunti yangu ilifungwa, kazi ya miezi minne ikaenda hivyo tu. Sheria za mchezo zinakataza kuuza dhahabu kwa pesa halisi, na ni kweli nilibonyeza "nakubali" bila kusoma. Lakini kampuni hiyo hiyo inauza vocha kwa dola, na mchezaji akishainunua anaibadilisha kwa dhahabu. Wakiuza wao ni huduma, nikiuza mimi ni wizi?

Mbadilishaji pesa akinyang'anywa bunda lake atakimbilia polisi. Mimi nikimbilie wapi? Kwa hivyo msiniulize nitaacha kucheza lini. Niulizeni nani analinda jasho langu.