Bahari sebuleni Kirua Vunjo? Mimi napinga, na sababu ninazo

Najua nimewatupa wiki mbili nzima. Testi zilinibana, na bumu nalo mnalijua lenyewe. Leo tuongelee samaki. Ndiyo, samaki, msicheke kwanza.

Ba'mdogo wangu mmoja, yupo Dar na mambo yake yanakwenda, kamaliza nyumba kwenye kihamba kule Kirua Vunjo. Sasa anataka sebuleni awe na tangi la kioo la lita 1,000, maji ya chumvi, matumbawe hai ndani, na samaki wa rangi rangi kama wale wa katuni ya Nemo ya mwaka 2003. Ukoo umegawanyika. Bibi anasema huo ni wazimu, vijana wanasema bonge la wazo. Mimi nipo upande wa Bibi, ila sababu zangu si zake. Yeye anasema samaki asiyeliwa ni hasara. Mimi sina shida na mtu kula jasho lake. Shida yangu ni nani ataitunza hiyo bahari, na watoto wa Kirua watapata nini.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanadhani ni kujaza maji, kutia chumvi na kumwaga samaki. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita. Kwa lita 1,000 hiyo ni kilo 35, na ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila baada ya wiki mbili, kila mara unahitaji kilo 3 na nusu nyingine. Na siyo chumvi ya Uvinza, jamani. Ya mezani ni sodiamu kloridi karibu tupu, wakati tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalsiamu na linahitaji magnesi pia. Inabidi ununue chumvi maalum ya matangi, inayotoka nje. Uzito sasa: maji peke yake yanapita tani moja. Ongeza mawe na kioo, umepita Vitz nzima, imeegeshwa juu ya meza sebuleni. Sakafu ijiandae.

Halafu kuna kitu ambacho sisi wa Bailojia tulikariri form five kwenye desa bila kukiona: mzunguko wa naitrojeni. Samaki wanatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja wanaigeuza kuwa nitriti, sumu pia. Bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ina nafuu. Hao bakteria hawapo kwenye tangi jipya. Unawasubiri wazaliane, mara nyingi wiki nne hadi sita, tangi likiwa na mawe na maji tu. Mwenye haraka anaweka samaki siku ya pili, na siku ya tano anawazika. Matumbawe ndiyo yasubiri zaidi, miezi kadhaa, mpaka maji yatulie.

Na maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi haiondoki, inabaki. Kwa hiyo unaongeza maji baridi yaliyochujwa sana, siyo ya chumvi. Kila siku. Usipofanya hivyo wiki mbili, chumvi inapanda na wanyama wanaanza kufa mmoja mmoja huku wewe unashangaa.

Sasa Kirua yenyewe. Dar watu wanahangaika kupoza tangi. Kule kwetu Julai usiku tunalala na mablanketi mawili, na matumbawe yanataka nyuzi kama 25 hadi 27. Hita itawaka usiku kucha, taa zenye nguvu mchana, pampu saa 24. Umeme ukikatika masika, mti umeangukia nyaya kule juu, ndiyo kizaazaa. Pampu zikisimama maji hayavuti hewa vizuri, oksijeni inaisha ndani ya saa chache. Na sisi tupo mlimani, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, ambako maji hushika oksijeni kidogo kuliko pwani. Jenereta au betri ya akiba ni lazima.

Ba'mdogo anasema pesa ya yote hayo ipo. Sawa. Lakini yeye anaishi Dar! Kirua anakuja Desemba kama Wachagga wote, wiki mbili, nyama na mbege, anaondoka. Miezi kumi na moja na nusu iliyobaki nani atapima chumvi, atasafisha kioo, atawasha jenereta saa nane za usiku? Nawaambia ni nani: binamu yangu aliyemaliza form four, anayekaa pale na Bibi. Hajaulizwa. Hajaahidiwa mshahara. Samaki wakifa ataambiwa ni mzembe. Bahari haitunzwi kwa simu, na kijana wa watu siyo spea ya pampu.

Jambo la tatu ni wanyama wenyewe. Wale samaki wa Nemo wanazalishwa matangini siku hizi, na matumbawe mengi yanakuzwa kwa kukata vipande, kama tunavyopanda mihogo. Hilo nalikubali, na nawaheshimu wanaolifanya. Mwindonesia Lee Chin Eng alieleza mwaka 1961 jinsi alivyofuga bahari kwa mawe hai, maji ya bahari na mapovu ya hewa tu, na wafugaji wengi walijifunza kutoka kwake. Lakini aina nyingi za samaki wa matangi ya chumvi bado zinakamatwa baharini, zikiwemo za pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wakenya wana biashara hiyo ya kuwasafirisha nje. Huko Ufilipino wavuvi walitumia sayanaidi kuwalevya samaki, na matumbawe yakafa pamoja nao. Matumbawe yetu hayajapona bado: yamepigwa baruti miaka na miaka, yakapauka kwa joto la El Niño mwaka 1998, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Ukimwambia dalali "nitafutie matumbawe", hakuulizi yametoka wapi, na wewe humuulizi. Matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, hayauzwi kama nyanya za Himo.

Kuna mtu ataniambia, "Mwalimu mtarajiwa, si watoto wa kijijini wataona bahari?" Hii ndiyo hoja pekee iliyonisumbua. Kweli kabisa, kuna mtoto Kirua anachora bahari kwenye mtihani na hajawahi kuiona. Lakini sebule ya Ba'mdogo ina geti na mbwa. Watoto wataiona kupitia dirishani, kama wanavyoiona TV ya jirani.

Pendekezo langu ni hili. Kama kweli anataka kutuonyesha uhai wa majini, aanze na tangi la lita 200 kwenye maabara ya sekondari ya kata, maji baridi, na perege wachache wa kufugwa. Perege ni wale wale tunaowala Moshi mjini kutoka Nyumba ya Mungu. Amonia yao ni ile ile, bakteria wanafanya kazi ile ile, nitreti ni ile ile. Hataki hita kubwa wala chumvi ya kuagiza. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya betri inasukuma hewa. Wanafunzi wapime wenyewe na wachore grafu. Mimi nikienda TP nafundisha hapo bila desa, na maji machafu ya tangi yanamwagiliwa migomba, tena ni mbolea.

Hela inayobaki ikodi basi. Form two waende Tanga siku ya bamvua, maji yakitoka, waone mwamba wenyewe na viumbe wake, wavue viatu, waguse maji ya chumvi waonje. Zanzibar hilo linafanyika: hifadhi ya Chumbe, ambayo mwamba wake unalindwa tangu mwaka 1994, huwapeleka wanafunzi wakaone matumbawe pale yanapoishi. Mtoto akirudi Kirua jioni miguu ina mchanga, hutahitaji kumweleza kwa nini baruti ni mbaya.

Nimeshamwambia Ba'mdogo, kwa adabu zote. Kasema atafikiria, na mnajua wazee wakisema watafikiria. Na wewe unayesoma hapa, hasa wa Bailojia na Jiografia: kama ungepewa hela ya tangi la lita 1,000, ungeiweka sebuleni au darasani? Niandikieni, ila msiniletee habari ya "pesa ni yake". Hilo nalijua. Nauliza kuhusu binamu yangu, na kuhusu mtoto wa dirishani.

Nawasilisha.