Mashine ya Midundo au Kompyuta: Kipi Kifae Mwanza?

Kijana wa Mwanza anayetaka kurekodi muziki, naye ana fedha za kununulia chombo kimoja tu, hukabiliwa na swali gumu: anunue mashine ya midundo, au anunue kompyuta na kutia ndani yake programu ya midundo? Aghalabu hushauriwa atazame bei. Shauri hilo halitoshi. Jambo lipasalo kupimwa kwanza ni hili: ni chombo kipi kitakachopokea sauti ya ngoma za mahali anapoishi?

Mashine ya midundo ni kisanduku chenye vitufe na mitambo yake yenyewe. TR-808, iliyotolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1980, haikuwa na sauti ya ngoma iliyorekodiwa. Sauti zake zote ziliundwa kwa umeme ndani ya mashine. LM-1, iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn na kutolewa mwaka huo huo, ilibeba sauti za ngoma halisi zilizogeuzwa kuwa tarakimu, lakini zilikuwa ngoma alizozichagua mtengenezaji. Baadhi ya mashine za baadaye huweza kurekodi sauti mpya, ila kwa kawaida nafasi ya kuzihifadhi ni finyu kuliko ile ya kompyuta.

Hata hivyo, mashine ina sifa zake. Huwa tayari mara iwashwapo, na kidole kikigusa kitufe sauti hutoka papo hapo. Kompyuta huchelewa, kwa kuwa hukusanya sampuli za sauti katika mafungu kabla ya kuzitoa. Fungu la sampuli 512, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua milisekunde 12 hivi. Katika muda huo sauti husafiri mita nne hewani; ni kana kwamba mpigaji ametengwa na ngoma yake kwa hatua kadhaa. Fungu likipunguzwa hadi sampuli 128, umbali huo hubaki mita moja tu, mradi kompyuta iwe na nguvu ya kuhimili kazi hiyo. Dosari hii, basi, inarekebishika.

Dosari ya mashine za namna ya TR-808 ni kubwa zaidi. Mapigo manne hugawanywa katika hatua 16. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila hatua ni milisekunde 125. Programu inayogawa kila pigo katika visehemu 96 hufikia milisekunde 5. Mkono wa mpigaji stadi hutangulia kidogo au kuchelewa kidogo kwa makusudi, na humo ndimo uliko utamu wa ngoma. Kwa sababu hiyo, kompyuta ndiyo ifaayo.

Lakini kompyuta isiyolishwa ngoma za Kanda ya Ziwa haina faida kuliko kisanduku cha kigeni. Huko Bujora, karibu na Kisesa, makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement huhifadhi ngoma za watemi wa Usukuma. Vyama vya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja katika mashindano, na chama kinachovuta watazamaji wengi ndicho kishindacho. Mpigaji hana budi kuutazama umati na kubadili mwendo kadiri unavyomjia au kumkimbia. Programu haiutazami umati. Yapasa mpigaji aitwe studio arekodiwe, wala asidhaniwe kuwa amepitwa na wakati.

Tena sauti ikisharekodiwa huweza kutumiwa mara elfu bila mwenyewe kuitwa tena. Kwa hiyo malipo yapatanwe kabla ya kurekodi, na jina la mpigaji liandikwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki za wasanii watendaji, na mpiga ngoma ni mmoja wao. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Itakuwa aibu iwapo mpigaji wa Usukuma atavuma katika kila kompyuta, naye akose tuzo kwao.