Umeme Ukirudi Usiku



Msimu wa kahawa uliopita nilimkuta mama mmoja mzee barazani pa chama cha ushirika cha msingi, huku mlimani juu ya Moshi, ameketi juu ya gunia lake. Umeme ulikuwa umekatika usiku na kurudi kabla jogoo hajawika. Taa zinawaka, mizani ipo, lakini hapana anayepimiwa.

"Shikamoo mama. Mbona mmekaa?"

"Marahaba mwanangu. Wanasema mashine haijaamka."

Nikaingia ndani kutazama. Daftari la uzani wa wakulima hutunzwa na programu ya zamani, iliyotungwa kwa ajili ya Windows. Hukaa katika kompyuta ya chumba cha nyuma, na kompyuta ya karani huiuliza kwa waya. Mashine ya kwanza ilipokufa, kijana mmoja alileta nyingine yenye Linux, kwa kuwa Linux hailipiwi, akaiendesha programu ile kwa Wine. Jina hilo kwa Kiingereza ni la divai, lakini halileweshi mtu. Wine ilianza mwaka 1993. Kazi yake ni ukalimani, kuyapokea maombi ya programu ya Windows na kuyafanya yaeleweke kwa Linux. Ilikwenda vyema, ila kila ilipozimika ilibidi mtu aingie kwa neno la siri na kuianzisha kwa mkono. Mwenye neno la siri anakaa mjini.

Dawa ipo. Linux nyingi za siku hizi zina msimamizi aitwaye systemd, aliyetolewa mwaka 2010. Mashine ikiwaka, yeye huamka mapema na kuwaamsha wengine kwa zamu, kama mzee wa mfongo anayejua maji yaanzie kihamba cha nani. Kumpa kazi ni kuandika faili fupi ndani ya /etc/systemd/system, tuseme mizani.service. Chini ya [Service] weka User=mizani, yaani mtumiaji wa kazi hii tu; usimpe mwenye mamlaka yote. WorkingDirectory= itaje chumba yanamokaa mafaili ya programu. Restart=on-failure humwambia aiinue ikianguka. Chini ya [Install] andika WantedBy=multi-user.target. Kisha mwamuru: systemctl daemon-reload, halafu systemctl enable --now mizani.

Nimeuacha nyuma mstari mgumu. Programu za Windows hupenda dirisha la kujionyesha, na alfajiri ile hapana aliyeingia, basi hapana kioo. Hufa papo hapo. Kwa hiyo mstari wa ExecStart= hauanzi na wine peke yake, bali /usr/bin/xvfb-run -a, ndipo ifuate /usr/bin/wine na mahali programu ilipo. Xvfb ni kioo cha kuwaziwa tu. Programu huchora juu yake wala hakuna anayeona. (Kama programu yako ni ya kutazamwa na karani usoni, njia hii haikufai.)

Tulinakili daftari kwanza, tukaufunga mwendo wote, tukachomoa waya ukutani, tukaurudisha. Kimya! Kompyuta yenyewe haikuwaka. Hapa wengi hukwama wakailaumu Linux bure. Katika mipangilio ya ubao wa mashine, kabla Linux haijaanza, kuna mahali pa kuchagua ifanye nini umeme urudipo. Yetu ilikuwa imeambiwa ibaki imezima. Tukabadilisha. Mara ya pili mashine ikawaka, systemd akasema kazi inaendelea, lakini karani hapati jibu. Kijana akaifungua programu kwa mkono, kwa jina lile lile la mizani, akaona kidirisha kinauliza swali moja dogo na kungoja kubonyezwa. Kilikuwa kinamwuliza nani gizani? Akakijibu, akaweka alama kisiulize tena.

Mara ya tatu tulichomoa waya, tukanywa chai, tukarudi. Karani alikuwa amekwisha kupata daftari. Lakini kuamka si kupona: umeme ukikatika katikati ya kuandika, daftari huweza kuharibika, basi nakala ya kila jioni tuliiacha palepale katika utaratibu.

Mama yule alipimiwa saa nane mchana. Akaisoma stakabadhi yake mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya khanga.