Wanafunzi wa Fasihi na Alama Nyepesi

Wako wasomi wa lugha ambao wakisikia habari za Markdown hugeuza nyuso zao wakasema kwamba hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta, na kwamba mtu wa fasihi ana kazi bora kuliko kutia nyota na vistari katika maandishi yake. Neno hili husemwa kwa majivuno, na majivuno hayo hayana msingi.

Markdown ilitolewa mwaka 2004 na John Gruber, Mmarekani, na Aaron Swartz alimsaidia kwa shauri. Shabaha yake ilikuwa kwamba maandishi matupu yasomeke vema kwa macho hata kabla ya mashine kuyapamba. Alama ya reli mwanzoni mwa mstari hutambulisha kichwa cha habari; neno likizungukwa na nyota moja moja hulazwa, likizungukwa na mbili mbili hukozwa; alama ya > mwanzoni mwa mstari huonyesha maneno ya kunukuliwa. Hayo, pamoja na orodha na viungo, karibu ndiyo yote. Aliyekwisha kumudu vina na mizani hawezi kudai kwamba elimu hii yamshinda.

Tena ni elimu ya kufikiri. Mwandishi hulazimika kusema kila sehemu ya maandishi yake ni nini, asihangaike na sura yake. Wangapi hukuza herufi za vichwa kwa mkono, hapa kubwa, pale ndogo, hata siku ya kupanga yaliyomo mashine isijue kichwa ni kipi? Aliyetumia alama nyepesi huyapitisha maandishi yake katika programu ya Pandoc, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, naye ni profesa wa falsafa, si fundi. Yakatoka kitabu, au ukurasa wa intaneti, au faili ya Word.

Lakini jambo zito ni upotevu. WordStar, programu iliyotoka mwaka 1978 na kuenea sana, ilikuwa na desturi ya kuigeuza ndani kwa ndani herufi ya mwisho ya maneno ili kupanga mistari. Faili zake zikifunguliwa leo kama maandishi matupu, maneno huonekana yamekatwa mikia. Tenzi za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu katika karne ya 19 zasomeka na kila ajuaye herufi zile. Je, methali ambazo mwanafunzi amezipokea kwa mzee ambaye sasa amefariki zistahili hifadhi iliyo duni kuliko hiyo?

Wapinzani wanayo hoja moja ya kweli, wala haifai kufichwa. Markdown haiutambui mshororo. Mstari ukikatwa mara moja tu huunganishwa na unaofuata, hata ubeti wa utenzi, wenye mishororo minne, ukatoka umekuwa sentensi moja ndefu. Dawa aliyoiweka Gruber ni nafasi mbili mwishoni mwa mstari, na hapo alikosea: mtindo unaojisifu kwa kusomeka waamrishaje alama isiyoonekana? Kanuni za CommonMark, zilizotangazwa mwaka 2014, zaruhusu mkwaju wa kinyume, \, mahali pa nafasi hizo. Pandoc nayo hukubali kistari cha wima, |, mwanzoni mwa kila mshororo, na hii ndiyo njia imfaayo mtu wa ushairi, kwa kuwa ubeti wabaki ubeti machoni pa msomaji na machoni pa mashine. Kasoro hiyo, basi, yadai kwamba watu wa ushairi waingie katika shughuli hii, kwani wasipoingia wao, mishororo itaamuliwa na watu wasioijua.

Idara za Kiswahili zafundisha jinsi ya kutaja marejeo hadi nukta ya mwisho. Mafunzo ya alama hizi yangechukua alasiri moja. Hata msimamizi asiyetaka kujifunza hapati hasara yoyote. Apewe faili ya Word aliyoizoea, asahihishe apendavyo, na mwanafunzi abaki na maandishi yake matupu.