Taa Isiyowaka



Unapogeuza ufunguo wa gari lako, kabla injini haijanguruma, huwa unaziangalia taa za dashibodi? Mimi nilimaliza zaidi ya mwaka bila kuziangalia. Nilinunua Toyota Corolla ya mwaka 1998, gari lenye umri wake, nikafanya kama wengi wetu tufanyavyo. Likilia, nalipeleka gereji. Fundi akitaja bei, nalipa. Nikiuliza kimeharibika nini, najibiwa kwa maneno nisiyoyajua, naitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Hapa Kagongwa magari ya aina hiyo ni mengi. Tuko kati ya Isaka na Kahama, malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana, na mpunga wa vijijini unafika mashineni kwa kila chombo chenye magurudumu. Gari likilala, riziki nayo imelala. Mfuko ulipotoboka kwa matengenezo, nilimwomba kijana mmoja fundi anifundishe kazi ndogondogo nizifanye mwenyewe.

Siku ya kwanza nilivaa nguo za kuchafuka. Akacheka. "Mzee wangu, leo tunaanza na macho. Geuza swichi, ila usiwashe injini. Taja taa nyekundu unazoziona."

Nikataja: betri, breki ya mkono. Akauliza, "Na ya oili?" Haikuwepo. Nikamwambia hiyo haijawahi kunisumbua tangu ninunue gari. Akanieleza kwamba taa ya oili lazima iwake swichi inapogeuzwa, kisha izimike injini inapowaka. Isipowaka kabisa, usishukuru, iogope.

Tukafungua dashibodi. Mahali pa balbu palikuwa wazi. Mtu fulani, kabla yangu, alichoshwa na taa ile, akaona ni rahisi kuitoa kuliko kutafuta kwa nini inawaka. Tulipochomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa chini kabisa ya alama. Injini ingenoki siku yoyote, na gari hilo ndilo nililobebea wanakwaya kwenda misibani.

Sasa kila Jumamosi naegesha gari mahali tambarare, nazima injini, nasubiri dakika chache, nachomoa kijiti, nakifuta, nakirudisha, nakichomoa tena na kusoma. Oili ikae kati ya alama mbili. Maji ya rejeta nayatazama asubuhi injini ikiwa imepoa, maana mfuniko ukifunguliwa wa moto humbabua mtu uso. Plagi nazitoa na kuzisafisha mwenyewe. Breki bado namwachia fundi, ila siku hizi najua namwambia nini. Sisi wa ukoo wa wafugaji tunalijua jambo hili: mwenye ng'ombe humtambua aliye mgonjwa kabla hajalala chini. Mithali 27:23 inamtaka mfugaji aijue hivyo hali ya mifugo yake.

Lakini balbu ile haikuniacha nilale. Mwezi wa pili nilikuwa nimempa mjane mmoja shilingi 40,000 kwa kila gunia la mpunga atakalovuna, magunia manne, nikijua mavuno yakitoka kila moja litafika 80,000. Watoto wake walikuwa na njaa, hakuwa na nguvu ya kubishana. Mke wangu aliniambia, "Baba watoto, huyu mama tunasali naye." Nikamjibu asiingilie biashara. Hakulitaja tena, nami nikadhani nyumba ina amani. Kumbe nilikuwa nimetoa balbu.

Kumbuka Nathani alipomwendea Daudi na habari ya maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake wa pekee (2 Samweli 12). Daudi alikuwa mfalme, angeweza kumnyamazisha nabii. Hakufanya hivyo, alikiri dhambi yake. Alikuwa ameanguka vibaya, ila taa aliiacha iwake.

Nilipeleka kwa yule mama magunia mawili kati ya yale manne, kwa sababu kwa bei ya haki fedha yangu ilinunua mawili tu. Hakusema mengi. Mimi ndiye niliyekuwa na la kusema, na lilikuwa zito kuliko magunia.

Ndugu yangu, tunapenda kumwachia mchungaji roho zetu kama tunavyomwachia fundi gari: likizima ndipo tunalisukuma hadi kwake. Mchungaji tunamhitaji, na fundi tunamhitaji. Lakini hakuna atakayefungua boneti yako kila asubuhi zaidi yako. Ukiona nyumbani kwako hakuna anayekuonya tena, si mke, si mume, si mtoto, usikimbilie kushukuru. Uliza kwanza ni lini ulimnyamazisha, umwombe aseme tena.

Jumapili njema, na Mungu akulinde njiani.